Humu Hamna Mtu

Wewe, mtu akikupigia hodi na hutaki kumwona, unafanyaje?

Usiniangalie hivyo. Unapunguza redio, unawakonyeza watoto wanyamaze, unabana pumzi kama mwizi chini ya kitanda. Mgeni anagonga, anagonga tena, halafu unamsikia akijisemea, "Hawapo," na viatu vyake vinaondoka. Sote tumelifanya hilo, walokole na walevi. Bahati yetu ni kwamba mgeni yule alikwenda zake kwingine akapewa chai.

Mgeni wa Keziah Muriuki hakwenda kwingine.

Ilianza na ufagio. Asubuhi moja ya Januari, mwaka ule wa tisini na sita ambao baridi ya Minnesota ilikuwa inapasua maji kwenye mabomba, Keziah alifungua mlango wa mbele ili bintiye Abigail awahi basi la shule, na ufagio ukamwangukia miguuni. Ulikuwa umeegemezwa mlangoni kwa nje. Ulikuwa ufagio wao wenyewe, wa jikoni, wenye mpini mwekundu. Jioni iliyotangulia alikuwa ameuweka kabatini kwa mkono wake.

"Baba Abi! Nani ametoa ufagio nje?"

"Mimi nitafagia theluji na ufagio kweli?" Solomon, mumewe, alijibu akiwa chooni. "Si niko na koleo?"

Abigail, mwenye miaka saba na koti lililomfanya aonekane kama mto wa kulalia, aliutazama ule ufagio bila mshangao. Mtoto huyu alielewa Kiswahili chote, hata kile cha kumsengenya, lakini wazazi wake aliwajibu kwa Kiingereza tu. Akasema Shosho, yaani bibi, ndiye aliyeuweka. Maana yake hakuna mtu nyumbani.

"Vaa glovu," Keziah akasema. "Basi litakuacha."

Shosho alikuwa amekufa tangu Desemba.

Jina lake lilikuwa Elen. Alikuwa Msami kutoka Finnmark, kule Norwei inakoishia na ramani kuwa nyeupe. Aliletwa Amerika na mume baharia, akamzika, akazeeka, akaanza kusahau, na mwishowe kaunti ikampeleka Inver Grove Heights, kwenye nyumba ya akina Muriuki iliyokaa mgongoni mwa kilima juu ya mto Mississippi. Keziah alikuwa nesi wa hospitali. Yeye na Solomon walikuwa wamechukua leseni ya kutunza wazee nyumbani, na Elen alikuwa mzee wao wa kwanza. Mchana alikaa na Chepkemoi, msichana wa Kericho aliyekuwa mwanafunzi wa chuo, ambaye alipanga masomo yake kuzunguka zamu zake.

Elen alikuwa amesahau jina la rais na jina la mwanawe, lakini kwao alikuwa hajakusahau hata kidogo. Akiwa mezani aliwasimulia jinsi jua linavyoaga mwishoni mwa Novemba na kurudi Januari, na siku linaporudi watoto hawaendi shule, wanapewa maandazi. Alisimulia samaki wanaoanikwa kwenye vichanja vikubwa kama nyumba hadi wakauke wagongane kama kuni. Alisimulia wanyama wa kwao, kulungu wa theluji wenye pembe kama matawi, na vifundo vya miguu yao vinavyolia tik, tik, tik wakitembea, kiasi kwamba kundi zima likipita gizani unadhani kuna watu elfu wanavunja vidole. Na alisimulia vita, Wajerumani walipochoma Finnmark nzima wakiondoka, kila nyumba, kila zizi, watu wakaishi mapangoni na kwenye vibanda vya udongo.

"Mlango wetu ulikuwa ngozi," alisema. "Na hata ngozi hiyo hatukuifunga. Wakati wa giza mlango haufungwi. Anayefunga mlango wakati wa giza ameua, hata kama hakuna aliyekuja."

"Na mkitoka?" Chepkemoi aliuliza. "Mwizi je?"

"Tunaegemeza ufagio mlangoni. Anayepita akiuona anajua humu hamna mtu, anaendelea na safari. Ukiona mlango hauna ufagio, basi kuna mtu, na utafunguliwa."

Solomon alicheka hadi chai ikampalia. "Nairobi ufagio huo pia wangeiba!"

Chepkemoi ndiye aliyemfundisha kubisha hodi. Elen alilipenda neno lile kupita maelezo. Kila alipotoka kwenda kuangalia kama jua limerudi, na alitoka mara nyingi, aliuegemeza ufagio mlangoni kwa nje hata kama nyumba imejaa watu, kisha alipotaka kuingia aliuondoa, akagonga kwa adabu, akaita kwa sauti yake nyembamba: "Hodi! Kuna mtu?" Naye Abigail au Chepkemoi alikimbia kuitikia, "Karibu!" Mchezo huo ulichezwa mara kumi kwa siku, na kila mara baridi iliingia ndani kama mgeni wa pili.

Alikutwa alasiri moja ya Desemba, ameketi kwenye kidaraja cha mlango, ameganda, mgongo wake umeegemea ufagio na ufagio umeegemea mlango.

Keziah aliwaeleza polisi, na baadaye mkaguzi wa kaunti, kwamba alikuwa ametoka kwenda dukani, na kwamba Chepkemoi alikuwa zamuni lakini akaondoka kabla ya wakati. Kwa hiyo mzee alipogonga, nyumbani hakukuwa na mtu. Aliyasema hayo akilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Machozi hayajui kutofautisha. Chepkemoi alikana mara moja tu, kwa sauti ya chini. Nani amwamini mtoto wa chuo mbele ya nesi mwenye shahada, ambaye mumewe ni mzee wa kanisa? Jina lake likachafuka, kazi ya kutunza wazee akanyimwa kila mahali, na ada ya muhula uliofuata hakuilipa.

Ukafuata huo ufagio wa Januari.

Solomon aliuvunja mpini kwa goti, akautupa kwenye pipa. Kesho yake mlango ulipofunguliwa ulianguka ufagio mwingine, wala haukuwa wa dukani. Ulikuwa wa vijiti vyembamba vyeusi, umefungwa kwa ukanda wa ngozi, na vijiti vilikuwa na barafu ya zamani, ile ya kijivu. Ulinuka moshi wa kuni na samaki mkavu. Solomon alisema labda ni watoto wa jirani. Keziah akakubali upesi mno. Watoto wa jirani, katika Inver Grove Heights, wasuke ufagio! Wale hawakuwa wameshika ufagio tangu wazaliwe.

Harufu ikabaki. Ikaingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye unga wa ugali. Mchana, jua likiwa bado juu ya mto, Keziah alianza kusikia nje ya ukuta tik, tik, tik, ikizunguka nyumba polepole kama kitu chenye miguu mingi kinachotafuta mahali pa kuingilia. Na kisha, mlangoni, chini kabisa, usawa wa mtu aliyeketi, ngo ngo ngo, kwa adabu. Alifungua mara ya kwanza. Hakukuwa na kitu, ila ufagio. Alifungua mara ya pili. Mara ya tatu hakufungua tena. Alichukua kidhibiti cha televisheni, akaongeza sauti.

Angalia hapo alivyofanya. Mkono wake haukufikiria, ulikuwa umeshazoea.

Baada ya hapo nyumba ikaanza kukosa watu.

Kwanza ilikuwa simu. Wambui, dada yake Keziah, alipiga kutoka Nyeri siku nzima. "Inaita tu," alilalamika alipompata Solomon kazini. "Mumehama?" Keziah alikuwa ameshinda kando ya simu hiyo akipanga soksi, na haikulia hata mara moja. Halafu ikawa zamu yao kupokea ushirika wa maombi. Keziah alipika pilau, akapanga vikombe, akawasha taa zote, akakaa. Saa zikapita. Pilau ikapoa. Alipokwenda kuangalia mashine ya kurekodi simu alikuta taa inamemeta, na sauti ya Mchungaji Silas ndani yake, akipiga kwa simu ya mkononi, na nyuma ya sauti upepo na watu wakikanyagakanyaga kutafuta joto.

"Mama Abi, Bwana asifiwe. Tumekuja wote, hadi watu wa Apple Valley wamekuja. Tumegonga mpaka vidole vimekufa ganzi. Nyumba ni giza. Mngetuambia tu hampo, hatungekasirika." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekasirika sana: "Tunawapenda."

Siku mbili baadaye Solomon alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akapita sebuleni. Keziah alikuwa kwenye kochi.

"Mama Abi?" aliita.

"Niko hapa."

"Keziah?" Alilitazama kochi. Alimtazama yeye, machoni kabisa, na macho yake yakapita kama yanavyopita kwenye kioo cha dirisha, yakaangalia mto wa kochi ulio nyuma yake. "Huyu ameenda wapi na taa zote zinawaka?" Naye Keziah alisimama, akaita, akamshika mkono wa koti akamtikisa kwa nguvu zake zote, mpaka Solomon akapiga kelele kama aliyeshikwa na maiti, akaanguka juu ya viatu vyake, na alipoinua macho akamwona.

Mchungaji Silas aliletwa na Solomon mwenyewe, mkono kwa mkono, ili asipotee tena. Alipaka mafuta ya mizeituni kila kizingiti na kukemea kwa Kiingereza, kwa sababu inaaminika pepo wa Amerika hawajui Kikuyu. Alipofika mlango wa mbele akasikia, upande wa pili, chini kabisa: ngo ngo ngo. Mtumishi wa Mungu akakumbuka kwamba alikuwa na mgonjwa Lakeville, akatoka kupitia mlango wa gereji.

Ndipo Solomon alipomwendea Laurencia. Huyu alikuwa Mtanzania, mtu wa Tanga, rafiki wa Chepkemoi chuoni, na fununu ilikuwa kwamba bibi yake aliagua majini.

"Kaka Solomon, mimi nasomea takwimu za afya," Laurencia alimwambia. "Mwenye vibuyu alikuwa bibi." Lakini alikuja. Aliketi jikoni akanusa, akazitazama zile fagio za vijiti ambazo Solomon aliogopa kuzichoma, akazirundika pembeni.

"Jini la kwetu si gumu," akasema. "Ukiliuliza linataka nini litakutajia: marashi, mbuzi mweusi, kanga mpya. Lina tamaa kama sisi. Hili lenu halitaki chakula, halitaki nguo. Dada Keziah, huu ufagio kwao ni kusema nini?"

Solomon ndiye aliyejibu. "Kwamba humu hamna mtu."

"Basi si laana hiyo. Ni maneno ya mtu yanarudishwa." Laurencia alizungusha kikombe. "Nani hapa alisema humu hamkuwa na mtu?"

Keziah akainuka kuongeza maji kwenye sufuria.

"Chai nimetosheka, dada."

"Si nilimwambia mkaguzi," Keziah akasema bila kugeuka. "Nilikuwa dukani. Kila mtu anajua. Sasa mnaleta mambo ya uchawi kwa nyumba yangu, na mimi nimeokoka?"

"Mimi sikuleta, nimekuta." Laurencia alivaa kofia yake ya sufi, taratibu. "Bibi yangu alikuwa akisema, jini la kisasi haliui. Linangoja ukae mahali pale pale ulipokaa siku ile, halafu linakuletea wako mlangoni. Alhamisi nitakuja na Chepkemoi. Nataka useme habari ya duka lile ukimwangalia usoni."

Alhamisi mbingu ilishuka. Kufikia saa saba mchana theluji ilikuwa inapita mlalo, na upepo ulitoka kaskazini ukiwa umebeba kitu kama sindano. Shule ziliamua kuwarudisha watoto mapema na kuwapigia wazazi. Simu ya Keziah haikulia. Alikuwa ametoka kazini asubuhi baada ya kupiga dabo, zamu mbili mfululizo, na alikuwa amejilaza kwenye kochi, televisheni mbele yake, macho mazito, mahali pale pale.

Ngo ngo ngo.

Chini ya mlango. Alivuta blanketi.

Ngo ngo ngo.

Mkono ukakitafuta kidhibiti, ukakipata, sauti ikapanda. Watu wa televisheni wakacheka kicheko kikubwa, na chini ya kicheko chao, nyembamba kama uzi, ikaja sauti ambayo katika maisha yake yote haikuwahi kumjibu kwa Kiswahili.

"Hodi! Mama, hodi! Kuna mtu?"

Keziah alikuwa mlangoni kabla blanketi halijafika chini. "Karibu! Karibu, mama yangu, nakuja!" Komeo lilizunguka, likazunguka tena, laini kama limepakwa mafuta ya Mchungaji Silas, na mlango haukutikisika, ulikuwa kama umechorwa ukutani. Alikimbilia wa gereji, nao vivyo hivyo, kisha dirishani, akapiga kioo kwa ngumi, akakipiga kwa kiti, kiti kikavunjika na kioo kisitoe hata mlio, na pale nje, hatua moja tu kutoka mkononi mwake, Abigail alikuwa amesimama na begi la shule, kope zimeota barafu, glovu moja haipo, akichungulia ndani kupitia kioo kile kile, akimtazama mamaye usoni na kuona sebule tupu yenye giza.

Mtoto aligonga tena mara kadhaa, kila mara kidogo zaidi. Kisha akafanya alivyofundishwa. Aliuokota ufagio wa vijiti uliolala kwenye theluji, akauegemeza mlangoni vizuri, ili anayepita ajue. Akaketi kwenye kidaraja. Akaweka mgongo wake kwenye ufagio.

Gari la Laurencia likatokea kwenye theluji, likasimama chini. Wakashuka wawili, Laurencia na msichana mwembamba mwenye skafu hadi puani. Keziah alipiga kelele hadi koo likaonja damu. Wakapanda njia, wakafika karibu, na Laurencia akautazama mlango, akaangalia kidaraja, akamwangalia Abigail pale alipoketi, na macho yake yakapita. Keziah aliusoma mdomo wake. Hawapo. Chepkemoi akatikisa kichwa. Wakageuka kurudi garini.

Na nyuma ya Keziah televisheni ikazimika yenyewe, harufu ya moshi na ngozi mbichi ikajaa sebuleni, kochi likalalamika kama linavyolalamika mtu mwepesi sana anapoketi juu yake, na kutoka kwenye kochi hilo, kwa adabu, kama mtu asiye na haraka kwa sababu wakati wa giza ni mrefu na yeye ameshauzoea, sauti ikauliza:

"Kuna mtu?"

Keziah hakugeuka. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili kwenye kioo.

"Kuna mtu," akasema.

Pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Sikwenda dukani. Nilikuwemo."

Chini kule Laurencia akasimama, kama aliyesikia jina lake.

"Chepkemoi aliondoka kwa saa yake. Aliniaga. Nikamwambia kwaheri."

Chepkemoi akageuka. Akakiona kidaraja. Skafu ikamtoka, naye akaanza kupanda kilima akikimbia, akianguka, akikimbia, akiita jina la mtoto, na Keziah akaacha dirisha akaushika mlango, paji la uso kwenye mbao, akilia, sasa akisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Nilikuwa nimechoka. Ulikuwa unaingia na kutoka, unaingia na kutoka na baridi yako. Nikasema kaa huko kidogo ujifunze adabu. Nikafunga komeo, mimi, kwa mkono huu. Ulibisha hodi, Elen. Uliuliza kuna mtu."

Mlango ukafunguka. Ufagio ukaanguka ndani, na Abigail juu yake, akitetemeka.

"Nilikuwa hapo kwenye kochi. Nilikusikia. Nikaongeza sauti."